Thamani ya Kusikia: Historia ya Vifaa vya Sikio na Bei Zake

Kusikia ni neema ambayo mwenye nayo haihesabu, na aliyeikosa huwa tayari kutoa sehemu kubwa ya mali yake apate walau robo ya ile aliyoipoteza. Na kwa kuwa haja hiyo ni kali, na wengi wenye haja ni wazee waliokwisha kuipita miaka ya kuchuma, bei ya kifaa kinachosaidia sikio imekuwa tangu zamani jambo la kuumiza nyoyo. Shirika la Afya Duniani lilikadiria katika taarifa yake ya mwaka 2021 kwamba watu zaidi ya bilioni 1.5 wana upungufu wa kusikia wa namna moja au nyingine, na kwamba milioni 430 miongoni mwao wamefikia kiasi cha kuhitaji huduma. Walio wengi hawana kifaa chochote, na ughali wa kifaa ni miongoni mwa sababu kubwa.

Historia ya ughali huo ni historia ya ufundi, maana kila uwezo mpya ulioingia katika kifaa ulikuja na bei yake. Lakini ni historia ya swali pia, swali moja lililorudi katika kila kizazi likivaa nguo mpya: je, kila sikio lahitaji kifaa chake mahsusi, kilichochaguliwa na kurekebishwa na mtaalamu, au kifaa kimoja kilichotengenezwa vyema chaweza kuwafaa walio wengi? Kwa rai yangu, jibu la swali hilo limeamua bei kwa nguvu kubwa zaidi kuliko kioo, madini au silikoni.

Pembe, ng'amba na kaboni

Kwa karne nyingi msaada wa pekee wa sikio zito ulikuwa pembe, yenye mdomo mpana wa kukusanya sauti na koo jembamba la kuifikisha sikioni. Mwanzoni mwa karne ya 19 fundi Frederick Rein wa London alizifanya pembe hizo kuwa bidhaa ya duka, na huko Vienna Johann Maelzel alimtengenezea Beethoven kadhaa katika miaka ambayo mtunzi huyo alikuwa akizama katika uziwi. Zilikuwako pembe za bati, za shaba, za fedha na za ng'amba, na bei zake zilipishana kama zinavyopishana bei za vitu hivyo vyenyewe. Lakini sauti haijui fedha wala bati, na pembe mbili za umbo moja hukusanya kiasi kile kile. Tofauti iliyolipiwa ilikuwa heshima ya mshikaji. Upeo wa heshima hiyo ulionekana mwaka 1819, Mfalme João VI wa Ureno alipotengenezewa kiti ambacho mikono yake ilichongwa kwa sura ya simba walioachama, mwenye shauri akisemea kinywani mwa simba, na sauti ikapita ndani ya mkono wa kiti mpaka katika mrija uliofika sikioni mwa mfalme.

Mambo yaligeuka baada ya Alexander Graham Bell kuonyesha simu yake mwaka 1876. Bell alikuwa mwana wa mama mwenye uziwi, mume wa mwanamke kiziwi, na mwalimu wa viziwi kabla hajawa mvumbuzi, wala si ajabu kwamba mashine aliyoizaa ilirudi baadaye kuwahudumia watu aliowatoka. Simu za zama zile zilitumia chembe za kaboni zilizofungwa katika kidude kidogo: sauti inapozibana chembe, mkondo wa umeme huongezeka, na inapoziachia hupungua, hata mkondo ukafuata umbo la maneno. Mwishoni mwa karne hiyo Miller Reese Hutchison, kijana wa Alabama huko Marekani, aliutwaa ufundi huo akautengenezea kifaa cha kusikia kilichokuja kujulikana kwa jina la Acousticon. Malkia Alexandra wa Uingereza, aliyekuwa na masikio mazito, alikitumia wakati wa kutawazwa kwa mumewe mwaka 1902. Na habari hizo zikafika Denmark alikozaliwa, zikamfikia Hans Demant, mfanya biashara wa Odense, ambaye mkewe Camilla alikuwa na upungufu uo huo. Mwaka 1904 Demant alianza kuviagiza vifaa hivyo na kuviuza, na kutokana na mapenzi hayo ya mtu kwa mkewe ikakua Oticon, mojawapo ya makampuni makubwa ya biashara hii hata leo.

Kaboni ilikuwa na dosari mbili: ilivuma, na nguvu yake haikutosha kumfaa mwenye uziwi mwingi. Ili kuivuka dosari ya pili ilibidi kupatikane kitu cha kuukuza umeme wenyewe.

Valvu na mzigo wa betri

Kitu hicho kilikuwa valvu, zile taa za kioo ambazo wazee wetu walizifahamu ndani ya redio zao. Mwaka 1920 Earl Hanson wa Marekani alitengeneza kifaa cha kusikia cha valvu kilichoitwa Vactuphone, na tangu hapo watu ambao kaboni haikuwafaa walianza kusikia. Faida ilikuwa kubwa, na gharama ilikuwa kubwa vile vile, kwa sababu valvu ilitaka betri mbili: moja ya kuutia joto uzi wake wa ndani, na nyingine yenye volti nyingi ya kuusukuma umeme. Vifaa vya mwanzo viliwekwa mezani. Katika miaka ya 1930 valvu ndogo zilipopatikana, kifaa kiliweza kuvaliwa mwilini, sehemu moja kifuani na betri kiunoni au mguuni, na kila uzito uliopunguzwa uliongezwa katika bei.

Hapa ndipo ilipozaliwa desturi ambayo haijafa. Mnunuzi wa kifaa cha valvu hakununua kifaa peke yake. Alinunua pia ziara ya mchuuzi nyumbani kwake, kipimo cha sikio lake, uteuzi wa sauti itakayomfaa, matengenezo, na ahadi ya kuhudumiwa baadaye, na yote hayo yalifungwa katika bei moja isiyochambuliwa. Mwanzoni mwa miaka ya 1940 kifaa chema huko Marekani kiliuzwa kwa dola 150 hadi 200, wakati ambapo fedha hizo zilikuwa mshahara wa mwezi au zaidi kwa mfanyakazi wa kawaida, na betri zilikuwa juu ya hapo, wiki baada ya wiki.

Dola 40

Eugene McDonald, mkuu wa kampuni ya redio ya Zenith huko Chicago, alikuwa na sikio moja lililopungua nguvu, na alikuwa na viwanda ambavyo ndani yake valvu, vipingamizi na visanduku vilitengenezwa kwa maelfu. Alijua kifaa cha kusikia ni redio ndogo isiyokuwa na antena, na kwa hiyo alijua, pengine kuliko mtu mwingine yeyote katika biashara ile, kiasi cha fedha kinachokwenda katika vyuma na kiasi kinachokwenda kwingineko. Mwaka 1943, katikati ya vita, Zenith ilitoa kifaa chake kilichoitwa Radionic kwa dola 40.

Tukio hilo lastahili kutazamwa kwa makini, kwa kuwa hakukuwa na uvumbuzi ndani yake. Valvu zilikuwa zile zile, maikrofoni ilikuwa ya namna iliyokwisha kujulikana, betri zilikuwa zile zile mbili. McDonald alichokiondoa ni mchuuzi wa kwenda nyumbani na vipimo vyake, na mahali pake aliweka swichi ya kugeuza namna ya sauti, ili mvaaji mwenyewe ajaribu na kuamua ipi imfaayo. Wapinzani walikasirika. Walisema kwamba sikio ni kiungo cha mtu mmoja mmoja, na kwamba kumwachia mgonjwa ajichagulie sauti ni kumhatarisha. Na lazima tukiri kwamba maneno yao hayakuwa upuuzi mtupu, kwani wako watu ambao swichi ya namna ile haikuwatosha. Lakini maelfu waliokuwa wakikaa kimya kando ya meza za watoto wao walinunua kifaa cha dola 40 na kuyasikia mazungumzo, na hilo nalo ni hoja.

Ripoti mbili na kifaa cha taifa

Vita vilipokwisha, askari wengi walirudi makwao na masikio yaliyoharibiwa na mizinga. Katika hospitali ya jeshi ya Deshon, Pennsylvania, Raymond Carhart alitunga utaratibu wa kumjaribisha mgonjwa vifaa kadhaa, kulinganisha jinsi anavyoyatambua maneno kwa kila kimoja, na kumchagulia kilicho bora. Na katika kazi hiyo iliota mizizi elimu nzima ya wataalamu wa usikivu. Wakati huo huo watafiti wa Harvard, akiwamo Hallowell Davis, walifanya majaribio marefu juu ya namna kifaa kinavyopasa kutengenezwa, na ripoti yao ya mwaka 1947 ilifikia hitimisho lililowashtua wengi: kwamba kwa watu walio wengi, kifaa kinachokuza sauti zote kwa usawa, au kinachozipendelea kidogo sauti nyembamba, chafaa sawa na kile kilichochaguliwa kwa bidii kufuata umbo la upungufu wa kila mmoja. Baraza la Utafiti wa Tiba la Uingereza, katika mwaka uo huo, lilifikia rai ya jirani na hiyo.

Huko Marekani ripoti ile ilibaki kuwa kitabu cha kubishaniwa. Uingereza iliigeuza ya kwake kuwa kifaa. Tarehe 5 Julai 1948 Huduma ya Taifa ya Afya ilipoanza kazi, miongoni mwa ahadi zake ilikuwa kumpa kila mwenye haja, bila malipo, kifaa cha kusikia kilichosanifiwa chini ya uangalizi wa Baraza lile na kuitwa Medresco. Kifaa kilitolewa bure, betri zilitolewa bure, na matengenezo yalikuwa bure. Umbo moja liliagizwa kwa wingi kutoka kwa watengenezaji mbalimbali, na serikali ikawa mnunuzi mmoja mkubwa, mwenye uwezo wa kukataa bei asiyoitaka.

Fadhila hiyo ilikuwa na upande wa pili, na si haki kuuficha. Mnunuzi mkubwa akishaagiza umbo moja hana haraka ya kulibadili. Waingereza waliotegemea kifaa cha bure waliendelea kukivaa kifuani, waya ukipanda shingoni, mpaka mwaka 1974 ndipo huduma hiyo ilipoanza kugawa kwa upana vifaa vya kuvaliwa nyuma ya sikio, ilhali wenye fedha walikuwa wamekwisha kuvivaa tangu miaka ya 1950. Aliyetaka sitara alilipa.

Zawadi ya Bell

Desemba 1947, katika maabara ya Bell huko New Jersey, John Bardeen na Walter Brattain, waliokuwa katika kundi lililoongozwa na William Shockley, walionyesha kwamba kipande kidogo cha jemaniamu chaweza kuukuza umeme bila kioo, bila joto, na bila betri ya volti nyingi. Hiyo ndiyo transista. Kampuni ya simu iliyoimiliki hati yake ilikuwa ikiwatoza wengine ada kwa kuitumia, lakini iliwasamehe ada hiyo watengenezaji wa vifaa vya kusikia, kwa ajili ya kumbukumbu ya Bell na kazi yake kwa viziwi. Na kwa sababu ya hisani hiyo, pamoja na ukweli kwamba wagonjwa walikuwa tayari kulipa ghali kwa kitu kidogo, kifaa cha kusikia kilikuwa bidhaa ya kwanza kununuliwa na watu wa kawaida ikiwa na transista ndani yake, kabla ya redio.

Kifaa hicho kilikuwa Sonotone 1010, kilichotangazwa mwishoni mwa mwaka 1952 kwa bei ya dola 229.50. Kilikuwa chotara: valvu mbili na transista moja. Transista za wakati ule zilikuwa ghali kuliko valvu zilizorithiwa nazo, na zaidi ya hayo zilikuwa dhaifu, kwa sababu unyevu wa mwili uliingia ndani yake na kuziua baada ya majuma machache. Sisi watu wa pwani, tunaojua chumvi na jasho vinavyokula kila chenye umeme, hatuna haja ya kuelezwa taabu hiyo. Mafundi walijifunza kuziba transista vizuri, na kufikia mwaka 1954 karibu vifaa vyote vipya vilivyouzwa Marekani vilikuwa vya transista tupu.

Gharama ya betri ilianguka mno, na mvaaji aliyekuwa akilipa kila wiki akawa analipa senti chache. Hiyo ilikuwa baraka ya kweli, ambayo takwimu za bei ya dukani hazionyeshi. Lakini bei ya kifaa chenyewe haikushuka kwa kadiri transista ilivyoshuka. Redio za transista zikawa rahisi mwaka baada ya mwaka hata kijana akaweza kuinunua kwa posho yake, na kifaa cha kusikia, chenye viungo vya jamaa moja na redio ile, kikaendelea kuuzwa kwa mamia ya dola. Mwaka 1962 kamati ndogo ya Baraza la Seneti la Marekani, chini ya Seneta Estes Kefauver, ilifanya vikao maalumu kuuliza sababu za bei hizo. Sehemu kubwa ya jibu ilijulikana tangu siku za McDonald: redio iliuzwa kwa mamilioni juu ya kaunta, na kifaa cha kusikia kiliuzwa kimoja kimoja, pamoja na kazi ya mtu. Mwaka 1965, Marekani ilipotunga sheria ya bima ya wazee iitwayo Medicare, vifaa vya kusikia vilitajwa kwa jina miongoni mwa vitu ambavyo bima hiyo haitalipia, na hivyo mzee wa Marekani akabaki peke yake mbele ya muuzaji.

Sitara kama sifa ya kuuzwa

Tangu katikati ya miaka ya 1950 mpaka miaka ya 1980, uwezo uliouzwa kwa bei ya juu kabisa ulikuwa uwezo wa kutoonekana. Kwanza vikaja vifaa vilivyofichwa katika mikono ya miwani, kisha vya nyuma ya sikio, kisha vya ndani ya sikio. Mwaka 1964 Zenith ilitoa kifaa chenye saketi nzima iliyojengwa juu ya kipande kimoja cha silikoni, na kwa mara ya pili sikio likatangulia kupokea ufundi ambao baadaye ungeingia katika kila mashine ya dunia. Septemba 1983 Rais Ronald Reagan, ambaye sikio lake lilikuwa limeumizwa na mlio wa bastola katika upigaji wa filamu ujanani mwake, alionekana na kifaa kidogo ndani ya sikio la kulia, na maombi ya vifaa vya namna ile yakaongezeka kwa ghafula.

Kifaa cha ndani ya sikio kina sababu ya haki ya kuwa ghali: lazima umbo la sikio la mtu lichukuliwe kwa kalibu, na ganda lake litengenezwe kwa mkono, moja kwa mmoja. Lakini kwa upande wa kusikia mara nyingi kina upungufu, maana betri yake ni ndogo na nguvu yake ni haba, na maikrofoni yake iko karibu mno na kinywa cha sauti hata kifaa hupiga mluzi. Kwa muda mrefu, basi, watu walilipa zaidi ili wapate kidogo, na walifanya hivyo kwa sababu dunia iliwafanya wauonee haya uziwi wao. Gharama ile haikuwa ya ufundi. Ilikuwa gharama ya fedheha, na waliowatia fedheha ndio waliopaswa kuilipa.

Sauti inageuka hesabu

Mwenye kupoteza kusikia kwa uzee hapotezi sauti zote kwa kiasi kimoja. Sauti ndogo hazisikii kabisa, na sauti kubwa zaweza kumuumiza sawa na mtu mwenye sikio zima, hata nafasi baina ya kimya na maumivu ikawa nyembamba. Na kifaa kinachokuza kila kitu kwa kiasi kile kile humfanya asikie mlango ukibamizwa na asisikie mjukuu akinong'ona. Mwaka 1973 Edgar Villchur, aliyekuwa amepata jina kwa kuvumbua namna mpya ya spika za muziki, alichapisha njia ya kuligawa wimbi la sauti katika mafungu ya nyembamba na nene, na kulikuza kila fungu kwa kadiri yake, dogo likuzwe sana na kubwa likuzwe kidogo. Hakuichukulia hati ya kuimiliki. Aliitoa kwa watu wote, na njia hiyo leo imo karibu katika kila kifaa chema kinachouzwa duniani. Na katika historia hii iliyojaa hati na ada, jina lake lastahili kutajwa kwa heshima.

Mafungu yalihitaji udhibiti, na udhibiti ulihitaji tarakilishi. Mwishoni mwa miaka ya 1980 kampuni ya Nicolet ya Wisconsin ilitoa Phoenix, kifaa cha dijitali chenye kisanduku cha kubeba mwilini, nacho kilikuwa kizito, kilikula betri, na hakikupata wanunuzi. Mwaka 1996 makampuni mawili ya Denmark, Widex kwa kifaa chake Senso na Oticon kwa DigiFocus, yalifanikiwa kuitia hesabu yote katika kifaa chenye ukubwa wa kawaida. Tangu hapo sauti iligeuzwa kuwa namba, ikakokotolewa, na kugeuzwa tena kuwa sauti, mara maelfu kwa kila sekunde.

Athari ya jambo hilo juu ya bei haikuonekana mara moja, nayo ni kubwa kuliko zote zilizotangulia. Katika kifaa cha valvu au cha transista, uwezo mmoja zaidi ulimaanisha kiungo kimoja zaidi, na kiungo kina bei ya kununuliwa. Katika kifaa cha dijitali uwezo ni programu. Kutengeneza programu ya kutambua kelele na kuipunguza hugharimu mamilioni katika maabara, lakini kuiweka katika kifaa cha laki moja hakugharimu chochote zaidi ya kuiweka katika kifaa cha kwanza. Mtengenezaji, basi, huweza kutengeneza chipu moja, na kuiuza kwa majina matatu au manne: la chini, ambalo mafungu ya sauti ni machache na programu nyingi zimefungwa, la kati, na la juu, ambalo yote yamefunguliwa. Bei hupanda ngazi kwa ngazi, na ndani ya ganda silikoni ni ile ile.

Sisemi kwamba huo ni udanganyifu. Fedha za utafiti lazima zirudi, na zisiporudi kutoka kwa wenye uwezo hazitarudi kabisa. Hata dawa na vitabu hufuata kanuni ya jamaa hiyo. Lakini mnunuzi ana haki ya kujua kwamba tofauti ya dola elfu moja baina ya ngazi mbili si bei ya kitu kilichoongezwa, na kwamba sifa zote hazina uzito mmoja. Maikrofoni mbili zinazoelekezwa mbele, zikipunguza sauti za nyuma na ubavuni, zina ushahidi imara wa kumsaidia mtu mahali penye kelele. Programu ya kuzima mluzi ni msaada wa kila siku. Kupunguza kelele hupunguza uchovu wa msikilizaji kuliko kunavyomwongezea maneno. Kuunganishwa na simu, kuchajiwa bila kubadili betri, na kifaa kutambua chenyewe kwamba mvaaji ameingia sokoni au msikitini, ni raha ambazo mtu aweza kuzitamani kwa haki, na aweza kuishi bila hizo.

Wako waliolipima jambo hilo. Mwaka 2014 Robyn Cox na wenzake wa Chuo Kikuu cha Memphis walichapisha majaribio ambamo wazee 25 walivaa kwa zamu vifaa vya ngazi ya juu na vya ngazi ya chini kutoka makampuni mawili, vyote vikiwa vimerekebishwa kwa uangalifu, na kutembea navyo katika maisha yao ya kila siku. Vyote viliwasaidia. Baina ya vya juu na vya chini haikuonekana tofauti ya maana, si katika maabara wala majumbani.

Kufunguliwa kwa mlango wa duka

Oktoba 2015 baraza la wanasayansi waliomshauri Rais wa Marekani lilitoa taarifa iliyotaja bei ya wastani ya kifaa kimoja kuwa dola 2,363, na watu walio wengi huhitaji viwili. Wakati huo idara ya askari wastaafu, ambayo hununua kwa wingi, ilikuwa ikilipa takribani dola 400 kwa kifaa cha makampuni yale yale. Huduma ya Uingereza nayo, ilipoingia katika vifaa vya dijitali mwanzoni mwa miaka ya 2000, iliagiza kwa wingi kama mwaka 1948 na kulipa sehemu ndogo tu ya bei ya dukani. Hakuna hesabu iliyoonyesha kwa uwazi kuliko hiyo kwamba fedha zilizobaki hazikuwa za silikoni, bali za upimaji, urekebishaji, ziara za baadaye, kodi ya duka, matangazo na faida, zote zikiwa zimefungwa katika bunda lile lile la miaka ya 1930.

Mwaka 2017 mambo mawili yalitokea. Larry Humes na wenzake wa Chuo Kikuu cha Indiana walichapisha majaribio ya watu 154, wengine wakihudumiwa na mtaalamu kwa ukamilifu na wengine wakijichagulia kifaa kutoka mezani, baadhi wakitozwa dola 3,600 na baadhi dola 600. Waliohudumiwa waliridhika zaidi, lakini waliojichagulia nao walipata manufaa ya kweli, na bei iliyolipwa haikubadili matokeo. Katika Agosti ya mwaka huo huo sheria iliyoletwa na Maseneta Elizabeth Warren na Chuck Grassley, wa vyama vinavyopingana, ilitiwa sahihi, ikiamuru vifaa vya kusikia viweze kuuzwa bila cheti wala mtaalamu. Kanuni zake zilianza kufanya kazi tarehe 17 Oktoba 2022. Mnamo Septemba 2024 serikali ya Marekani iliidhinisha programu ya Apple inayozigeuza spika za sikioni za AirPods Pro, zilizouzwa wakati huo dola 249, kuwa kifaa cha kusikia kinachojirekebisha kwa kipimo ambacho mtu hujipima kwa simu yake. Swichi ya McDonald ilikuwa imerudi baada ya miaka 81, ikiwa na akili nyingi zaidi.

Katika bara letu njia ilikuwa nyingine, kwa kuwa betri ndogo za zinki, zinazokwisha baada ya wiki moja au mbili, ni mzigo mkubwa kwa mtu aliye mbali na mji. Huko Otse, Botswana, mwanzoni mwa miaka ya 2000, mradi ulioajiri mafundi viziwi ulitengeneza kifaa na chaja ya jua, na betri za kuchajiwa zinazodumu miaka miwili au mitatu. Ni uwezo wa kiufundi uliochaguliwa kwa nia ya kushusha gharama ya kukitumia kifaa, na ungependeza kuigwa huku kwetu, tusiokosa jua.

Mlango uliofunguliwa Marekani haukuwafungukia wote. Kanuni zile ni kwa waliotimiza miaka 18 wenye upungufu mdogo au wa kadiri. Mtoto na mwenye uziwi mzito hawamo. Kwao hoja ya Carhart ingali na nguvu yake yote: mtoto hawezi kueleza anachosikia, kifaa chenye nguvu nyingi chaweza kuliumiza sikio kikirekebishwa vibaya, na kalibu ya sikio hutengenezwa upya kila mtoto anapokua. Kazi hiyo ya mtaalamu haiwezi kufungwa katika programu wala kuuzwa juu ya kaunta, na katika nchi nyingi, za kwetu zikiwamo, wataalamu wenyewe ni wachache mno na wamekusanyika katika miji mikubwa, hata mzazi wa mtoto aliyezaliwa na uziwi mashambani hulipa nauli nyingi kabla hajaulizwa bei ya kifaa.